Tarikhi ya Kumtafuta Tegu

Katika maradhi yote ambayo binadamu ameshirikiana na wanyama wake tangu alipoanza kuwafuga, ni machache ambayo dalili zake zilijulikana sokoni kabla ya kujulikana kwa matabibu, na miongoni mwa hayo machache maradhi ya tegu yana nafasi ya mbele. Kwani wachinjaji na wachuuzi wa nguruwe walikuwa wakizitambua alama zake kwa macho na kwa vidole zaidi ya miaka elfu mbili kabla hajatokea mwanachuoni wa kueleza kwa ithibati kwamba vifuko vyeupe vilivyomo katika nyama ya mnyama, na mnyoo mrefu aliyemo matumboni mwa mtu, ni kiumbe kimoja katika nyakati mbili za umri wake. Jambo hilo lastahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu hadi leo, katika vijiji vingi vya Tanzania na vya magharibi ya Kenya, maarifa ya kumtambua tegu yamegawanyika mafungu mawili yasiyokutana: fungu moja liko mikononi mwa mnunuzi wa nguruwe, na la pili limo katika vitabu vya hospitali, na katika ufa ulio baina ya mafungu hayo ndimo wanamoangukia wagonjwa wa kifafa kiletwacho na tegu huyo.

Ushahidi wa zamani sana tulio nao haukutoka katika kitabu cha utabibu. Umetoka katika mchezo wa kuigiza. Mwaka 424 K.K. mshairi Aristophanes aliwaonyesha watu wa Athens mchezo wa kuchekesha aliouita kwa jina la wapanda farasi wa mji huo, na ndani yake hasimu mmoja anatishiwa kwamba atatiwa kigingi kinywani kama wafanyavyo wachinjaji, ulimi wake uvutwe nje, kisha atazamwe vizuri kama mwilini mwake mna vifuko. Watu hawachekeshwi ila kwa jambo walilokwisha kulijua, na kwa hiyo yatubidi tukubali kwamba, kwa watu wa Athens wa wakati ule, kumpanua nguruwe kinywa na kumkagua ulimi lilikuwa jambo la kawaida ya soko, lisilohitaji kufasiriwa.

Desturi hiyo haijabadilika sana. Atakaye kuishuhudia leo na aende penye biashara ya nguruwe wilayani Mbulu, kaskazini ya Tanzania, ataiona vilevile. Mnyama hukamatwa miguu ya nyuma, akaangushwa ubavu, na mtu mmoja akamkandamiza shingoni kwa goti huku mwingine akiishika miguu. Kelele zake husikika mbali. Mkaguzi huchukua kipande cha mti kigumu, akakipitisha kwa upana baina ya mataya ili kinywa kisifumbe, akaushika ulimi kwa kitambaa kwa sababu wateleza, akauvuta nje na kuupindua mpaka upande wake wa chini ukaelekea kwenye nuru. Hapo hufuta mate na kutazama. Kisha, na hili ndilo la muhimu, kwa kuwa vifuko vingine vimezama ndani ya nyama visionekane kwa jicho, hukipitisha kidole gumba chake polepole kutoka shinani mwa ulimi hadi nchani, akipapasa kama pana kitu cha mviringo, kikubwa kuliko punje ya mchele, chenye kusogea chini ya utando kinapobonyezwa. Akikigusa hicho, maneno hayahitajiki tena. Bei imekwisha kushuka.

Aristotle, aliyeishi katika karne iliyofuata mchezo ule, aliyaandika maradhi haya katika kitabu chake cha habari za wanyama kwa usahihi ambao hauna budi kumstaajabisha kila asomaye. Alivifananisha vifuko na chembe za mvua ya mawe, akasema kwamba mahali pa kuvitafuta zaidi ni chini ya ulimi, akataja na alama nyingine ambazo bila shaka alizisikia kwa wafugaji wenyewe, kama vile damu kuonekana kwenye mizizi ya nywele za shingoni zinapong'olewa, na miguu ya nyuma kutotulia. Kisha akaongeza neno moja ambalo elimu ya baadaye imelithibitisha kabisa, kwamba watoto wa nguruwe wangali wananyonya hawaonekani na maradhi haya. Sababu yake hakuijua, nasi twaijua: mtoto anyonyaye hajaanza kula uchafu wa nje, na hata kama amekwisha kumeza mayai ya tegu, kifuko chahitaji muda wa miezi miwili hivi kukua hata kionekane.

Katika Ufaransa ya karne za kati ukaguzi huo ukafanywa kazi rasmi. Wakawako watu maalumu, walioapishwa kwa ajili hiyo, ambao shughuli yao ilikuwa kuzitazama ndimi za nguruwe waletwao sokoni, na mnyama aliyeonekana na vifuko akakatwa alama sikioni ili mnunuzi asidanganywe. Maradhi yenyewe waliyadhani kuwa ni ukoma wa nguruwe, na khofu ya ukoma ndiyo iliyoifanya serikali ishughulike. Walakini katika sheria zao zote, kama katika mchezo wa Aristophanes, aliyehifadhiwa alikuwa mnunuzi na fedha yake. Hapakuwa na mtu aliyeuliza nguruwe huyo aliyapata wapi maradhi yake, wala ni nani katika nyumba alimofugwa aliyekuwa akimlea tumboni mwake, bila kujua, yule aliyemwambukiza. Naona hili kuwa ndilo kosa kubwa la tarikhi hii yote, nalo limedumu muda mrefu kupita yote mengine.

Upande wa wanadamu habari ilikuwa nyingine. Mtu mwenye tegu, aghalabu, hana homa wala maumivu ya kumlaza; hula, hulima, hulala kama wenziwe, na ishara anayoipata ni vipande bapa vyeupe anavyoviona chooni au, akiwa na tegu wa ng'ombe, vipande vinavyotoka vyenyewe na kutambaa nguoni. Waandishi wa utabibu wa Kiarabu waliviita vipande hivyo kwa jina la mbegu za mung'unye, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alivieleza katika kitabu chake kikuu cha tiba pamoja na aina nyingine za minyoo. Wengi wa wakati ule walidhani kila kipande ni mnyoo kamili peke yake, na dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwani kipande cha tegu wa ng'ombe huenda kwa nguvu zake chenyewe. Kwa hiyo tabibu hakuwa na kipimo ila ushahidi wa mgonjwa mwenyewe. Na mgonjwa, kwa haya, aghalabu hakusema.

Katika milima ya Uhabeshi, ambako kula nyama mbichi ya ng'ombe ni heshima ya karamu, watu waliyazoea maradhi haya hata wakayawekea utaratibu. Kila baada ya miezi miwili hivi, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, walisaga maua ya mti wa koso, wakayakoroga katika maji na kuyanywa, wakashinda siku hiyo nyumbani wakimtoa tegu. Na James Bruce, msafiri wa Scotland aliyeifikia nchi ile kiasi cha mwaka 1770, aliandika habari za mti huo kwa marefu na mapana. Mti huohuo waota katika misitu ya juu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya. Dawa ya koso ilikuwa kipimo na tiba kwa pamoja, kwani ilimleta nje mnyoo mwenyewe ukamwona. Ila ilikuwa na upungufu mmoja ambao dawa nyingi za zamani zilikuwa nao, magome ya mkomamanga yakiwamo, nao ni kwamba kichwa cha tegu, kisichozidi ukubwa wa kichwa cha sindano, kilibaki kimejishikiza ukutani mwa utumbo, na baada ya miezi mitatu kikaota mwili mpya. Ndiyo maana matabibu waliomfuata tegu kwa ukamilifu walilazimika kuusuuza uchafu wa mgonjwa juu ya chombo cheusi, maji baada ya maji, mpaka wakakiona kichwa.

Mafungu hayo mawili ya maarifa yalikaa mbalimbali hadi mwisho wa karne ya kumi na nane. Mwaka 1784 Johann Goeze, kasisi wa Quedlinburg katika Ujerumani, aliyekuwa na mapenzi makubwa ya darubini, alikipasua kifuko cha nguruwe, akakuta ndani yake kichwa kilichofanana na kichwa cha tegu wa mtu. Hata hivyo fikira iliyotawala siku zile ilikuwa kwamba minyoo huzaliwa yenyewe ndani ya mwili, kwa kuharibika kwa taka zake, na mfano tu wa vichwa viwili haukutosha kuiangusha fikira iliyozoeleka kiasi hicho. Ikapita miaka 70.

Aliyelikata shauri alikuwa tabibu Friedrich Küchenmeister wa Zittau, katika Saxony, na namna alivyolikata haiwezi kusimuliwa bila ya masikitiko. Alianza vizuri: mapema katika miaka ya 1850 aliwalisha mbwa vifuko vilivyotoka katika sungura, akawapata tegu matumboni mwao. Lakini kwa habari ya mtu hakutosheka ila kwa mtu. Mwaka 1855 aliomba ruhusa kwa wakuu wa serikali, akamlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vifuko vya nguruwe, vimefichwa ndani ya mchuzi na soseji, siku chache kabla ya kuuawa. Na maiti ilipopasuliwa, wakaonekana tegu wachanga, wamekwisha kujishikiza utumboni. Baada ya miaka michache akalirudia jambo hilo kwa mfungwa mwingine aliyelishwa mapema zaidi, akawakuta tegu wamekwisha kurefuka. Ithibati ilikuwa kamili, wala hakuna awezaye kuikanusha. Walakini mtu aliyenyang'anywa uhai wake hakupewa hata heshima ya kuulizwa, na wenzake Küchenmeister wa wakati uleule walimlaumu kwa hilo. Mimi naungana nao. Elimu ile ingaliweza kupatikana, kwa kungojea kidogo, kwa mtu aliyekubali kwa hiari yake. Nao wako katika tarikhi ya minyoo wanachuoni waliomeza vifuko wenyewe.

Upande wa pili wa duara ulikuwa umefungwa na Pierre-Joseph van Beneden wa Ubelgiji, aliyemlisha nguruwe mayai ya tegu na kuvikuta vifuko mwilini mwake, na mwaka 1861 Rudolf Leuckart akafanya hivyo kwa ndama, akabainisha kwamba tegu wa ng'ombe na tegu wa nguruwe ni wawili, kila mmoja na mnyama wake. Tangu hapo ikawa yakini: nguruwe mwenye vifuko ni shahidi kwamba karibu naye yuko mtu mwenye tegu, na mtu mwenye tegu ni shahidi kwamba alikula nyama yenye vifuko isiyoiva.

Kutokana na maarifa hayo vikazaliwa vyumba vya ukaguzi katika machinjio. Kwa ng'ombe, mkaguzi alifundishwa kupasua misuli ya mashavu, ulimi na moyo. Na katika Afrika ya Mashariki ikaongezwa mipasuo ya begani, juu ya kiwiko, kwa kuwa vifuko huonekana sana mahali hapo. Nyama yenye vifuko vichache hugandishwa kwa barafu siku kadhaa hata vikafa, na yenye vingi hutupwa. Kazi hiyo imewafaa watu wa mijini. Mtu wa kijijini, achinjaye chini ya mti siku ya arusi au ya tambiko, hakufikiwa nayo, wala hajafikiwa.

Lakini sijafika penye uchungu wenyewe wa habari hii. Tegu wa nguruwe ana ubaya ambao yule wa ng'ombe hana: mtu akiyameza mayai yake, kwa maji, kwa mboga, au kwa mkono wa aliyempikia asiyenawa, mayai hayo humfanyia yeye kama yamfanyiavyo nguruwe, yakageuka vifuko katika misuli yake, machoni mwake, na ubongoni. Walioliweka jambo hili wazi kwa wingi wa ushahidi walikuwa madaktari wa jeshi la Uingereza. Katika miaka ya 1930 William MacArthur aliwachunguza askari waliokuwa wamekaa India na kurudi kwao wakiwa na kifafa, ambao wengine walikwisha kuambiwa kwamba ni wagonjwa wa akili au kwamba wanajisingizia. Akawapapasa chini ya ngozi akakuta vinundu, na kinundu kimoja kikakatwa na kutazamwa, kikawa kifuko cha tegu. Baadaye picha za eksirei zilionyesha katika mapaja yao chembe ndogo ndefu zilizogeuka chokaa, zote zimelala upande mmoja kwa kufuata nyuzi za misuli. Mwaka 1961 wenzake wawili, Dixon na Lipscomb, walitoa habari za wagonjwa 450 wa namna hiyo, na ikadhihirika kwamba baina ya siku ya kuambukizwa na siku ya kuanguka kifafa hupita aghalabu miaka kadhaa. Muda huo mrefu ndio uliomficha tegu kwa karne nyingi; kwani ni nani atakayeunganisha anguko la leo na chakula cha miaka mitano iliyopita?

Yuko tegu wa tatu, mdogo kuliko wote, asiyepita milimita sita, akaaye katika mbwa. Na huyo, mayai yake yakimwingia mtu, humfanyia uvimbe wa maji katika ini au mapafu, unaoweza kukua hata tumbo likawa kama la mwenye mimba. Watu wa Iceland waliteswa naye sana, mpaka Harald Krabbe, daktari kutoka Denmark, alipowapasua mbwa wa nchi ile katika miaka ya 1860 akakuta zaidi ya robo yao wana tegu huyo, kisha mwaka 1864 kikachapishwa kijitabu cha kuwaeleza wenyeji habari yake kwa lugha yao, kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Watu wakakisoma, wakaacha kuwatupia mbwa matumbo ya kondoo, na polepole maradhi yakatoweka katika kisiwa kile.

Katika Afrika ya Mashariki nchi iliyoonja ukali wa maradhi hayo ni Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, ambako hesabu iliyotolewa mwaka 1982 ilionyesha wagonjwa wapya wanaofikia 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kadiri iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa zilizopata kuandikwa duniani. Katika nchi hiyo kame, maji yakiwa ni ya kuchotwa mbali, mbwa alikuwa mlezi: alimlamba mtoto akamsafisha, akalala naye kibandani. Hapana haki ya kuwalaumu akina mama wale, waliotumia msaada uliokuwapo. Shirika la AMREF lilipoanza kazi ya kuyazuia maradhi hayo mwaka 1983, shida ya kwanza ilikuwa kujua nani anayo. Kipimo cha zamani, cha kuchoma maji ya kifuko chini ya ngozi na kungojea uvimbe, kilikuwa kikidanganya mara nyingi. Ndipo ikapelekwa huko, juu ya magari na pamoja na mashine ndogo za umeme, mitambo ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, na wagonjwa wakalala chini ya miti, mmoja baada ya mmoja, wakaonyeshwa ini lao wenyewe kwenye kioo. Watu ambao hawakuwa na maumivu hata kidogo waligunduliwa uvimbe ungali mdogo, wakaweza kutibiwa.

Na mbwa nao walipimwa, kwa njia ambayo msomaji wa pwani atapenda kuisikia. Dawa waliyopewa ni arekolini, na asili ya arekolini ni popoo, ileile itafunwayo pamoja na tambuu na chokaa katika nyumba zetu. Mbwa hufungwa kwa mnyororo mahali pa wazi, hunyweshwa dawa hiyo, na haipiti saa moja ila tumbo lake limejimwaga. Kisha wapimaji, wamevaa glavu na viatu vya mpira, huyachukua yale maji ya utumbo, huyachuja na kuyatazama juu ya chombo cheusi, wakiwatafuta wadudu weupe wadogo kuliko punje ya mchele. Na mahali palipochafuka huchomwa moto, kwa kuwa pamejaa mayai. Ni kazi ya hatari na ya kuchukiza, nao walioifanya miaka kwa miaka katika jua la Turkana wanastahili kukumbukwa kwa jina jema.

Narudi kwa nguruwe. Nguruwe wa kufugwa wameongezeka sana katika nchi zetu katika miongo ya karibuni, kwa kuwa huzaa haraka na hula chochote, na nyama yao, ambayo watu wa mijini Tanzania wameipa jina la kitimoto, ina wanunuzi siku zote. Wengi wao huachwa kuzurura, na penye upungufu wa vyoo huzurura mahali ambapo watu wamejisaidia. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Mbulu: nguruwe 770 walipanuliwa vinywa, wakaonekana wenye vifuko asilimia 17.4. Na katika wilaya hiyohiyo, kwenye hospitali ya Haydom, wagonjwa wa kifafa walipopigwa picha za kichwa kwa kompyuta, baadhi yao walikutwa na vifuko ubongoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba, katika nchi nyingi zenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Wazazi wangapi wamewapeleka watoto wao kwa waganga kutafuta aliyewaroga, na wangapi wamewatazama wakiungua motoni kwa sababu majirani waliogopa kuwagusa wenye povu, ilhali asili ya balaa hilo ilikuwa karibu nao, ikizunguka baina ya banda na kichaka!

Ni lazima nikiri kwa niaba ya ulimi kwamba ushahidi wake si kamili. Uchunguzi wa Zambia wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba ukaguzi wa ulimi hufichua mnyama mmoja tu katika kila watano wenye maradhi, na kazi iliyotangazwa mwaka 2012 kutoka Homa Bay, Kenya, ilikubaliana na hayo: ulimi ulionyesha asilimia 5.6, na kipimo cha damu kikaonyesha 32.8. Ila ulimi unaposema ndiyo, hausemi uwongo, mkaguzi akiwa ni mjuzi. Wala hauhitaji umeme, wala dawa, wala barabara. Kuudharau kwa sababu ya upungufu wake, na hali vipimo vya damu havijafika vijijini, ni kuacha kidogo kilichopo kwa kungoja kingi kisichokuja.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwa mtu. Uchafu wake ukitazamwa kwa darubini, mayai hayaonekani kila siku, kwa kuwa tegu hayatoi kila siku. Na yakionekana, hayatambulikani kama ni ya tegu wa nguruwe au wa ng'ombe, maana yamefanana kabisa. Hutambulikana kwa kukipata kipande chenyewe na kuyahesabu matawi ya mfuko wake wa uzazi, yakipungua 13 ni wa nguruwe, yakizidi ni wa ng'ombe; au kwa vipimo vya maabara vinavyozitafuta taka za tegu ndani ya choo, vilivyobuniwa mwishoni mwa karne iliyopita na ambavyo zahanati ya kijiji haijaviona. Na dawa nayo yataka hadhari, kwani ile impigayo tegu wa tumboni huweza kuviamsha vifuko vilivyolala ubongoni, mgonjwa akaanguka kifafa kwa mara ya kwanza siku ya kutibiwa.

Wala asidhani mtu wa pwani, ambaye dini yake imemharimishia nyama hiyo, kwamba habari hizi ni za watu wa bara peke yao. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za Mayahudi wanne wa New York, washikao sana dini yao na ambao hawajapata kula nguruwe, waliokutwa na vifuko vya tegu ubongoni. Na uchunguzi ukaelekea kwa watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye maradhi hayo. Mayai hayaulizi dini ya ayalaye. Hufuata mkono usionawa.

Huko Peru ndiko mafungu mawili ya maarifa yalikokutanishwa. Katika mkoa wa Tumbes, kuanzia mwaka 2004, watu na nguruwe walitibiwa kwa pamoja, nguruwe wakachanjwa pia, na mwisho wa kazi, iliyotangazwa mwaka 2016, vijiji 105 kati ya 107 havikuonekana tena na maambukizo. Na katika vijiji vya huko ikajaribiwa njia nyepesi zaidi: nguruwe akionekana na vifuko ulimini, watu wote wanaokaa ndani ya mita 100 kutoka pale alipofugwa hupimwa au hupewa dawa, kwa hoja kwamba aliyemwambukiza hayuko mbali. Hivyo ulimi ule ambao kwa karne 24 ulitumika kupunguza bei, umetumika kumtafuta mgonjwa.

Kwetu hali si hiyo bado. Mchuuzi wa Mbulu au wa Homa Bay akikigusa kifuko kwa kidole chake hunyamaza, mwenye nguruwe hunyamaza, mnyama huuzwa rahisi au huchinjwa usiku ili asipite kwa mkaguzi, na nyama hufika sahanini mwa mtu vilevile. Bwana mifugo hakuambiwa, na hata angaliambiwa, daftari lake halisomwi na mganga wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Nawaomba wenye mamlaka ya wilaya walifanye jambo moja lisilo na gharama kubwa: wamlipe mfugaji thamani ya nguruwe aliyeonekana na vifuko, ili asiwe na sababu ya kumficha, na wamtume mganga siku hiyohiyo, pamoja na bwana mifugo, kwenye nyumba alimotoka mnyama huyo na nyumba jirani zake. Na wewe msomaji, ukiwa ni mfugaji, ukikipata kifuko katika ulimi wa nguruwe wako, usimlaumu nguruwe. Wapeleke watu wa nyumbani mwako wakapimwe.